Miguu Chini, Macho Juu: Ladha ya Miaka Mingi ya Kurusha Ndege Ndogo



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya malezi, mapishi, afya na masikilizano ya nyumbani. Juma hili tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa ni la watoto tu, nalo ni mchezo wa kurusha ndege ndogo zinazoongozwa kwa mawimbi ya redio. Kwa kweli ni mchezo wa watu wazima, na wengi wao wana mvi. Katika nchi kama Marekani na Uingereza wako walioanza wakiwa wavulana wadogo na wakaendelea nao hadi wakawa mababu.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu linagusa swali ambalo kila nyumba hulikuta, mapema au baadaye. Mtu akishastaafu, watoto wakaoa na kuolewa, macho yakafifia na masikio yakawa mazito, ni kitu gani kitakachomwamsha asubuhi akiwa na hamu ya siku yake? Ibada ipo, nayo ndiyo ya kwanza. Lakini baina ya sala na sala kuna saa nyingi, na asiyekuwa na shughuli ya mikono yake huzijaza saa hizo kwa manung'uniko. Nasi mara nyingi tunamcheka mzee anayejishughulisha na kitu kisicholeta pesa, tukasema amerudi utotoni. Pengine baada ya makala haya tutamtazama kwa jicho jingine.

Tiara iliyokatwa uzi

Watoto wa pwani hawahitaji kuelezwa ladha ya kuwa na kitu chako angani. Nani asiyeijua tiara? Njiti za ukuti, karatasi, uzi, na mkia wa kitambaa kikuukuu. Upepo ukishika, tiara hupanda, na uzi humvuta mtoto kidole kama vile ameshika mshipi wenye samaki. Hapo mtoto husahau chakula, na mama huita mpaka sauti ikamkauka.

Ndege ya redio ni tiara iliyokatwa uzi na bado ikatii. Mwenye kuirusha husimama uwanjani na rimoti mkononi yenye vijiti viwili. Kila akisogeza kijiti, rimoti hutuma ishara hewani. Ndani ya ndege mna kipokezi kinachoipokea ishara hiyo na kuviamrisha vimota vidogo vivute nyaya, na nyaya hizo hupinda usukani wa mkia au vibao vilivyo kwenye kingo za mabawa. Anayejua kazi ya usukani wa jahazi amekwisha kufahamu nusu ya mambo. Tofauti ni kwamba jahazi huenda kulia na kushoto tu, na ndege hupanda na kushuka pia.

Mwili wa ndege, kwa desturi ya wakongwe wa mchezo huu, hujengwa kwa mti wa balsa, mti mwepesi mno ambao sehemu kubwa yake hutoka Ekuador. Mbavu za bawa hukatwa moja moja kwa wembe, zikapangwa juu ya ramani iliyotandazwa mezani, zikashikizwa kwa gundi. Kisha bawa zima huvishwa plastiki nyembamba inayokazwa kwa pasi ya moto. Kwa hiyo mama wa nyumba akiikosa pasi yake, na aanze kuitafuta kwenye meza ya bwana. Kazi hiyo huweza kuchukua majuma na hata miezi, na ndege ikavunjika katika dakika yake ya kwanza. Aliye na moyo wa mchezo huu huokota vipande, akarudi navyo nyumbani, akaanza tena.

Mchezo uliotangulia ndege kubwa

Wengi hudhani kwamba ndege kubwa zilianza, kisha watu wakatengeneza ndogo za kuziiga. Mambo yalikuwa kinyume. Ndogo ndizo zilizotangulia, na ndizo zilizowafundisha watu siri za hewa.

Sisi Waislamu hupenda kumtaja Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Andalusi aliyeishi Qurtuba katika karne ya 9. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, anasimulia kwamba ibn Firnas alijivika manyoya na mabawa, akaruka masafa fulani hewani, lakini alipotua aliumia mgongo kwa sababu hakujitengenezea mkia. Masimulizi hayo yana fundisho ambalo kila mwanafunzi wa ndege ndogo hulipata siku ya kwanza: mabawa hubeba, lakini mkia ndio unaotuliza. Ndege isiyo na mkia wa sawa huinua pua, ikapoteza mwendo, ikaanguka.

Fundisho hilo lilithibitishwa kwa mchezo. Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, kijana wa Kifaransa aitwaye Alphonse Pénaud alirusha kindege chenye urefu wa nusu mita, kilichozungushwa rafadha yake kwa mpira uliosokotwa. Kiliruka kiasi cha mita 40 kwa sekunde 11 mbele ya mashahidi. Kilikuwa na mkia uliopangwa kwa hesabu, nacho kikajituliza chenyewe hewani bila mtu kukishika. Pénaud alikuwa mgonjwa wa nyonga, na ugonjwa huo ulimnyima kazi ya ubaharia aliyoitamani. Bahari ilimkataa, akaigeukia hewa.

Miaka 7 baadaye, mwaka 1878, baba mmoja wa Marekani, Milton Wright, alirudi kutoka safarini na kuwaletea wanawe kitu cha kuchezea kilichotokana na ubunifu wa huyo Pénaud: mianzi, karatasi na mpira wa kusokota. Kilirukia dari, kikapapatika, kikaanguka. Watoto wakakiita popo. Walikichezea mpaka kikavunjika, kisha wakatengeneza vyao wenyewe. Wilbur alikuwa na miaka 11 na Orville miaka 7.

Hapa tunawaomba akina mama wasimame kidogo. Wanahistoria wa familia hiyo wanaeleza kwamba mkono wa ufundi nyumbani mle ulikuwa wa mama yao, Susan. Baba yake Susan alikuwa fundi wa magari ya farasi, na binti alijifunza kushika zana katika karakana ya babake. Alipokuwa na nyumba yake alitengeneza vyombo vya matumizi na vitu vya kuchezea watoto, na wanawe walipokwama katika kazi ya mikono walimwendea yeye. Alifariki mwaka 1889. Tarehe 17 Desemba 1903 wanawe waliruka kwa injini kwa mara ya kwanza, sekunde 12 na mita zisizofika 40, naye hayupo kushuhudia. Kila tunapomwona mtoto amekaa sakafuni na gundi na vijiti, tukataka kumwambia aondoe taka zake, ni vyema tumkumbuke mama huyo.

Kuhusu redio, jina linalotajwa na wapenzi wote wa mchezo huu ni la ndugu wawili mapacha wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, Walter na William Good. Mmoja alipenda kujenga ndege, mwenziwe alipenda redio, wakaunganisha mapenzi yao. Mwaka 1937 ndege yao, waliyoipa jina la Guff, iliruka na kuongozwa kutoka chini. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Redio za wakati ule zilikuwa nzito, zenye taa za kioo ndani yake na betri kubwa, na kila mtu alijitengenezea yake. Kijana wa leo anayenunua rimoti iliyo tayari dukani hana budi kuwakumbuka waliochoma vidole vyao kwa risasi ya kuunganishia nyaya.

Chuo cha subira

Mtu huweza kuuliza: ni ladha gani hiyo inayomfunga mtu miaka 40 au 50? Tumejaribu kuitafuta, nasi tumeiona katika mambo ya kujifunza yasiyokwisha.

La kwanza ni mizani. Kabla ndege haijaruka, mwenyewe huiinua kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, aone kama inakaa sawa. Ikiwa pua ni nzito kidogo, itaruka kwa uvivu. Ikiwa mkia ndio mzito, wakongwe husema kwa mzaha kwamba nayo itaruka, ila mara moja tu.

La pili ni kushoto na kulia. Ndege ikienda mbali nawe, mkono wako na bawa lake vinakubaliana. Ikigeuka na kukujia, mambo hupinduka: ukisukuma kijiti kulia, wewe unaiona inakwenda kushoto. Hapa ndipo wanafunzi wengi huangusha ndege zao. Walimu wana dawa nyepesi ya jambo hili. Ndege ikikujia na bawa moja likashuka, sukuma kijiti upande ule ule unaouona bawa limeshuka, kama mtu anayeweka gogo chini ya ukuta unaoegama. Dawa hii husemwa kwa sentensi moja, lakini huchukua miezi mpaka mkono uifuate bila kuuliza akili.

La tatu ni kuachilia. Ndege za kujifunzia hujengwa na bawa juu ya kiwiliwili, na ncha za bawa zimeinuliwa kidogo. Kwa umbo hilo, ndege iliyo juu vya kutosha ikiyumba, mara nyingi hurudi sawa yenyewe pindi mwanafunzi akiviachia vijiti. Mwenye pupa huvikaza na kuvivutavuta, akaiangusha. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huona taabu zaidi kujifunza kuacha kuliko kujifunza kutenda.

La nne ni mwalimu. Tangu zamani wapenzi wa mchezo huu wamekuwa wakiunganisha rimoti mbili kwa waya, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Mwalimu hushika kitufe. Maadamu amekibonyeza, mwanafunzi ndiye rubani. Akiona hatari, hukiachia, na ndege yote hurudi mikononi mwake. Humwacha mwanafunzi akosee, lakini hamwachi aanguke. Tumefikiri sana juu ya kitufe hicho, kwa kuwa malezi yote yamo mle. Mzazi asiyekibonyeza kamwe hupata mtoto asiyejua kuruka, na asiyekiachia kamwe huokota vipande.

Juu ya hayo kuna adabu ya uwanjani. Kabla ya redio za siku hizi, ambazo hujitafutia nafasi zenyewe hewani, watu wawili waliotumia masafa mamoja wakati mmoja waliangushiana ndege. Kwa hiyo kila uwanja ulikuwa na ubao wenye vipini vilivyoandikwa namba za masafa. Hukuwasha rimoti yako kabla ya kuchukua kipini chako, na ikiwa mwenzio amekichukua, ulikaa chini ukangoja. Watu wa umri mbalimbali walikaa hivyo katika viti vya kukunja, wakangojeana, wakazungumza. Wengi wao ukiwauliza wanachokikumbuka zaidi, hawataji ndege. Watataja mazungumzo ya kungoja kipini.

Mzee aliyevusha bahari

Sasa tufike kwa mtu aliyetufanya tuandike makala haya. Jina lake ni Maynard Hill, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2011. Kwa kazi alikuwa mtaalamu wa madini katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kwa mapenzi alikuwa mjenzi wa ndege ndogo tangu utoto wake. Katika maisha yake aliweka rekodi za dunia 25 za ndege za namna hii. Mwaka 1970 alipandisha moja hadi mita 8,205, akiifuata kwa darubini kutoka chini. Mlima wetu mrefu kuliko yote Afrika, Kilimanjaro, una mita 5,895.

Mtu mwingine angetosheka. Lakini Hill alikuwa na ndoto moja aliyoiweka moyoni: kuvusha ndege ndogo bahari ya Atlantiki. Sheria za kimataifa za rekodi hizo zilitaka ndege isizidi kilo 5, mafuta yakiwemo. Wajuzi wengi waliona haiwezekani. Ndege ikibeba mafuta ya kutosha itakuwa nzito mno, na ikiwa nyepesi haitafika.

Hapo ndipo umri ulipomkuta. Macho yalimfifia hata sheria ya nchi yake ikamhesabu kuwa kipofu, na masikio nayo yakawa karibu kuziba. Mtu ambaye furaha yake yote ilikuwa kutazama kitu kidogo mbali angani na kusikiliza mlio wa injini yake alinyimwa vyote viwili. Je, katika nyumba zetu tungemwambia nini mzee kama huyo? Bila shaka tungemwambia kwa upole, apumzike.

Hill hakupumzika. Alikusanya wenzake wa uwanjani, akawa akili na mikono ya kazi, nao wakawa macho yake. Vidole vilivyoshika balsa kwa zaidi ya miaka 60 vilijua mambo ambayo macho hayakuhitaji kuyasema. Walijenga ndege ya balsa na nyuzi za kioo, ambayo mabawa yake hayakufika mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Injini yake ilikuwa ndogo, na mafuta yake hayakufika galoni moja. Kwa kuwa hakuna rimoti inayoweza kufika katikati ya bahari, waliitia chombo cha kujiongoza kinachosoma setilaiti. Mtu angeirusha kwa redio kutoka Kanada, chombo kingeipeleka, na mtu mwingine angeipokea kwa redio Ireland.

Za kwanza zilipotea. Walijaribu mwaka 2002, ndege hazikufika. Walirudi Agosti 2003, wakapoteza nyingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mhunzi huyu alikuwa na umri wa miaka 77. Tarehe 9 Agosti 2003, kama saa moja na dakika 45 za jioni, walirusha ya tano kutoka Cape Spear katika kisiwa cha Newfoundland. Waliipa jina la shamba ambalo mwenyewe aliwaruhusu kulifanyia majaribio yao, wasimsahau aliyewapa mahali pa kujifunzia.

Iliruka usiku kucha, ikaruka mchana wote, ikaruka usiku wa pili. Tarehe 11 Agosti, mchana wa saa nane, watu waliokuwa wakingoja katika ufuo wa Mannin, magharibi ya Ireland, waliona doa angani likiwajia. Rubani aliyekuwa akingoja pale aliishika kwa redio na kuitua. Ilikuwa imesafiri saa 38 na dakika 52, kilomita 3,030, na tangi likiwa karibu kukauka. Hapo si mbali na mahali walipotua Alcock na Brown mwaka 1919, marubani wa kwanza kuivuka Atlantiki bila kituo.

Ili tupate kuifahamu safari hiyo kwa vipimo vyetu, kilomita 3,030 ni masafa yanayozidi yale ya kutoka Mombasa hadi Salalah, Oman, kwa mstari ulionyooka. Wazee wetu waliisafiri njia hiyo kwa majahazi wakiungojea upepo wa kusi, na walirudi na hadithi za maisha yao yote. Ndege ya Hill, yenye uzito wa chini ya kilo 5, ilikwenda zaidi ya hapo bila mtu ndani yake, mwendo wa kama kilomita 78 kwa saa. Aliyeibuni hakuweza kuiona ilipoondoka wala kuisikia. Lakini wenzake walimweleza, naye alikuwa ameiona moyoni miaka mingi kabla yao. Waliosema utu uzima dawa hawakukosea.

Nyumba na mchezo wa mzee

Tunalolishika katika habari hizi ni moja. Shughuli inayopendwa kwa muda mrefu, ikafanywa kwa subira na pamoja na wenzi wema, huwa ni akiba. Mwili unapoanza kurudisha amana zake kimoja kimoja, akiba hiyo hubaki. Hill alipokosa macho, alibaki na ujuzi, marafiki na ndoto. Asingevipata vitu hivyo akiwa na miaka 70 kama hakuviweka akiwa na miaka 20.

Si lazima akiba hiyo iwe ndege. Kwa mmoja ni kuchonga milango ya nakshi, kwa mwingine ni kushona kofia za viua, bustani ya asumini, kufuga njiwa, au kutengeneza saa mbovu za jirani. Na akina mama nao wana haki ya kuwa na yao, isiyohesabiwa katika kazi za nyumba. Mtu asiambiwe kila mara, "Hicho kitakupa nini?" Kiwe cha halali, kisimpotezee sala wala kumnyima mtu haki yake, basi kitampa uzee wake.

Hata hivyo mke anayelalamika si mara zote mwenye makosa. Mchezo huu una gharama, na fedha ya karo au ya unga ikigeuka kuwa injini, hiyo si starehe tena, ni dhuluma. Wanaodumu nao vizuri ni wale waliokubaliana nyumbani mapema: kiasi gani cha fedha, siku ipi ya juma, meza ipi. Na wanaodumu vizuri zaidi ni wale waliowashirikisha watu wao. Binti mwenye vidole vyepesi hukata mbavu za bawa vizuri kuliko babake, na mjukuu mwenye macho makali huiona ndege babu asipoiona.

Kwa wanaotaka kuanza

Kwa wale ambao huenda wameshawishika, tunatoa tahadhari chache.

Sheria kwanza. Katika nchi yetu vyombo vya angani visivyo na rubani ndani yake vina kanuni za mwaka 2020 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya. Kabla ya kununua au kumwagizia mtu wa ng'ambo akuletee, ulizeni mamlaka hiyo ni kipi kinachoruhusiwa na wapi. Pwani yetu ina viwanja vya ndege Mombasa, Ukunda, Malindi na Manda, na karibu na hapo si mahali pa mchezo kabisa.

Sitara ya watu pili. Ndege ndogo ya desturi haina kamera, na ladha yake haihitaji kamera. Droni yenye kamera ni jambo jingine. Nyua na madari yetu ni mahali ambapo wanawake hukaa kwa uhuru wao, na kijana anayepitisha jicho la kamera juu ya ua wa jirani amekosa adabu hata kama hakukusudia kumwangalia mtu. Wazazi na wawaeleze watoto jambo hili kabla ya kuwapa chombo, si baada ya ugomvi.

Usalama tatu. Rafadha inayozunguka hukata kidole kama kisu, kwa hivyo simameni nyuma yake, wala msirushe chochote juu ya umati, iwe ni harusi, Maulidi au mechi ya mpira. Betri za lithiamu zinazotumika siku hizi huweza kuwaka moto zikitiwa umeme vibaya au zikiwa zimevimba. Zisiachwe kwenye chaji usiku watu wamelala, wala karibu na mapazia na magodoro.

Upepo mwisho. Pepo zetu za kusi na kaskazi zina nguvu kwa kindege cha kilo moja. Saa nzuri ni asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujaamka. Na mwenye kuanza asianze na kubwa wala na ya kasi. Aanze na tiara, akaijue hewa kwa kidole chake. Kisha kindege cha karatasi, kisha cha balsa kinachotupwa kwa mkono. Atajifunza mizani na mkia kwa gharama ya gundi kidogo tu, na akifika kwenye rimoti atakuwa amekwisha kuelewa anachokiamrisha.

Basi safari nyingine mkimkuta mzee wenu amejiinamia juu ya meza, miwani imeshuka puani, na vijiti vimetapakaa mbele yake, msiharakishe kumwondolea. Mleteeni chai, mkae naye, mumwulize kipande hiki kinakwenda wapi. Huenda jibu likawa refu. Msikilizeni mpaka mwisho.